Uchafu wa Ziwa Hauna Pa Kwenda

Hotuba kwa wavuvi, wachakataji na wauzaji wa dagaa, mwaloni, Kigoma, mwezi Oktoba kabla ya mvua

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Mwakeye!

Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa BMU, kikundi chetu cha kusimamia mwalo, wenyeviti wa mitaa, wazee wangu, mama zangu wa vichanjani, vijana wa vipe, vyombo vyetu vya kuvulia dagaa usiku, na wa mitumbwi: itifaki imezingatiwa. Nashukuru kwa kuniita, na nashukuru kwamba mmekubali kikao kiwe wiki hii ya mbalamwezi. Ingekuwa giza, saa hizi mngekuwa mnapanga taa na nyavu, na mvuvi anayejiandaa kuingia ziwani hasimamishwi kwa maneno.

Wengi mnanifahamu. Kwa asiyenifahamu, mimi ni mtoto wa mvuvi wa Ujiji. Baba alivua dagaa kwa karabai, mama aliwaanika mchangani, na kwa dagaa haohao nikasomeshwa hadi nikaajiriwa maabara ya maji. Kwa zaidi ya miaka 30 kazi yangu ilikuwa kuchota maji, kuyapima na kuandika nilichokiona. Nimestaafu kazi, jicho halijastaafu.

Nimekuja na chupa mbili. Naomba zipitishwe, kila mmoja aziangalie, ila msizifungue. Hii ya kwanza nimeichota leo alfajiri ndani ziwani. Kijana mmoja alinipeleka na mtumbwi hadi taa za mwalo zikaanza kuonekana kama nukta. Nikiishika hivi, vidole vyangu mnaviona upande wa pili, hadi mistari yake. Hii ya pili nimeichota pale mfereji unapomwaga ziwani, hatua arobaini kutoka hapa niliposimama. Vidole havionekani. Chini limetuama tope jeusi, unene wa kidole gumba. Juu kuna utando wa mafuta unaometameta. Katikati yanaelea magamba ya samaki, nyuzi za nyavu, na vingine ambavyo kwa heshima ya wazee sitavitaja. Na hapo bado hatujapata mvua. Mvua ya kwanza ikinyesha mjini, kila kilicholala mitaroni tangu Mei kitashuka hapa kwa siku moja.

Swali langu leo ni moja tu. Maji ya chupa hii ya pili yanakwenda wapi?

Jibu lililo midomoni mwetu nalijua, kwa sababu nimelelewa nalo. Nikiwa mtoto nilimwuliza baba, siku moja tukiosha mtumbwi, mbona anamwaga oili chafu ya mashine majini. Alinijibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, ziwa hili halichafuki." Baba hakuwa mtu mzembe. Alikuwa anasema alichoambiwa na baba yake, na baba yake alikuwa anaishi Ujiji yenye watu wachache, isiyo na plastiki wala betri. Wakati wao neno lile lilikaribia kuwa kweli. Leo, kwa heshima yote ya marehemu, nimekuja kulipinga.

Tuanze na ukubwa wenyewe, maana ndio unaotudanganya. Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilometa 673, kutoka Burundi hadi Zambia. Kina chake kinafika mita 1,470, na duniani kote linazidiwa kina na ziwa moja tu, Baikal la Urusi. Ukichukua maji yote yasiyo ya chumvi yaliyo juu ya ardhi, ukaacha yaliyoganda barafu, karibu sehemu moja katika kila sita iko hapa mbele ya miguu yetu. Mtu akisikia hivyo anajiuliza: ndoo yangu moja ya maji machafu itafanya nini?

Sasa angalieni linavyopumua. Maji yanaingia kwa mito mingi: Ruzizi kutoka Ziwa Kivu, Malagarasi wetu, Luiche hapa jirani, na vijito visivyohesabika vinavyoshuka milimani. Mlango wa kutokea ni mmoja, Mto Lukuga, ng'ambo ya pili huko Kalemie, Kongo. Na mlango huo ni mwembamba sana. Sehemu kubwa kabisa ya maji yanayoondoka ziwani haipiti Lukuga, inaondoka na jua, inakuwa mvuke. Hapo ndipo shida ilipo. Nani hapa ana ndugu Uvinza? Muulizeni mtu wa Uvinza chumvi inapatikanaje. Anachukua maji ya chumvi, anayakausha. Maji yanapaa, chumvi inabaki. Jua la ziwani linafanya kazi ileile. Linachukua maji matupu. Sabuni inaiacha. Oili inaiacha. Madini ya risasi yaliyotoka kwenye betri ya taa inayaacha palepale.

Wataalamu wamepiga hesabu: kama maji yote ya ziwa hili yangetakiwa kutoka kwa njia ya Lukuga peke yake, ingechukua miaka kama 7,000. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Hesabuni umri wote wa reli, tangu Mjerumani hadi leo, halafu rudieni zaidi ya mara 60. Mtoni ukitupa kitu, kesho kimekuwa tatizo la mwenzako wa chini, na hilo nalo ni baya. Ziwani ukitupa kitu, umekiweka ndani ya nyumba.

Mtu mwingine atasema, sawa, kitazama, kina ni kirefu, kitakaa huko chini hakitatudhuru. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Nawaambieni, ya ziwani yananuka. Ukishuka mita 100, mahali pengine hadi kama 200, unakuta mpaka ambao samaki haupiti. Chini ya hapo hakuna hewa ya oksijeni. Niliwahi kuvuta maji ya chini kwa chombo cha kupimia, nikakifungua juu ya mtumbwi: harufu ya yai viza. Hiyo ni gesi inayotokana na vitu vinavyooza pasipo hewa. Ziwa hili halijipindui likachanganyika lote kama sufuria ya uji. Chini kumekaa chini, juu kumekaa juu, miaka na miaka.

Kwa hiyo, ndugu zangu, dagaa wetu haishi kwenye ziwa la mita 1,470. Anaishi kwenye ngozi yake. Ni kama familia yenye nyumba ya vyumba kumi na vinne, lakini kumi na vitatu havina hewa, wote wanalala chumba kimoja cha mbele. Na chumba hicho cha mbele ndicho tunachokigeuza choo.

Kuna jambo hapa lazima niliseme ingawa halimo mikononi mwetu. Mbolea ya ziwa, yaani virutubisho vinavyolisha vijimea vidogo ambavyo wadudu wa majini wanakula na dagaa anawala wadudu hao, nyingi imezama huko chini. Inapandishwa na upepo. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusi unasukuma maji ya juu kuja kaskazini, na kule kusini maji ya chini yanapanda kuziba pengo. Wazee wavuvi mnajua maji yanavyobadilika rangi baada ya upepo. Basi dunia imepata joto, maji ya juu yamekuwa mepesi zaidi, yanaelea juu ya yale ya baridi na kukataa kuchanganyika. Mwaka 2003 watafiti walichapisha matokeo yao kwamba uzalishaji wa chakula cha asili ziwani ulikuwa umeshuka kwa karibu asilimia 20 kwa sababu hiyo. Joto hilo hatukulileta sisi wa mwalo huu, na kikao hiki hakitaliondoa. Lakini mgonjwa akiwa na homa, humwongezei minyoo.

Juzi kijana mmoja wa kipe aliniuliza swali zuri, na naomba nilijibu mbele ya wote: "Mama, kama ziwa lina njaa ya mbolea, si majitaka nayo ni mbolea?" Ingekuwa hivyo kama yangesambaa ziwa zima kidogo kidogo. Lakini majitaka yetu yanaingia sehemu moja, ghubani, kwenye maji ya kiuno. Hapo yanalisha mwani kupita kiasi, mwani unakufa, unaoza, na kuoza kunakula hewa ileile ambayo vifaranga vya samaki wanaihitaji. Jirani yetu Ziwa Victoria amekwishatuonyesha njia hiyo inakofika. Kule maji yalijaa mbolea ya mashamba na ya miji, yakawa ya kijani, magugu maji yakatanda. Samaki wadogo waliokuwa wakiitwa furu, aina mamia, wengi wametoweka. Sangara aliyepandikizwa aliwala, ni kweli. Lakini kuna jingine lililonishangaza nilipolisoma. Watafiti walieleza mwaka 1997 kwamba jike wa furu anamchagua dume kwa rangi: wa bluu kwa wa bluu, mwekundu kwa mwekundu. Maji yakiwa machafu, mwanga haupiti, jike haoni rangi, anachanganya. Aina zinaingiliana mpaka zinapotea, bila mtu kuvua hata mmoja. Tope peke yake linatosha kufuta ukoo.

Nimewaletea na jiwe. Hili hapa. Nililitoa jana, maji ya magoti, karibu na kijito kinachoshuka kutoka kwenye kilima kilichokatwa miti yote. Mama, naomba ulishike. Pitisha kidole juu yake. Umeona? Unga. Tope laini kama unga wa muhogo uliochekechwa. Sasa shika hili jingine, nililitoa mahali penye miti bado. Linateleza, lina kijani. Huo utelezi ndio shamba. Samaki wetu wa mawe, wale wenye mistari na rangi ambao watu wa mbali wanawanunua kuwafuga kwenye vioo, wanakula kwa kukwangua utelezi huo. Ziwa letu lina aina zao zaidi ya 200, na karibu zote hazipatikani popote duniani isipokuwa hapa. Baadhi yao hawavuki mchanga. Jamii ya mawe haya ikifa, ya mawe ya ng'ambo ya mchanga haiji kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo jiwe moja lililozibwa na tope ni shamba lililofukiwa, na mwenye shamba hana pa kuhamia.

Na msidhani ni samaki wa mapambo tu. Kuhe mnayemjua, mmoja wa samaki wakubwa kabisa wa jamii yake duniani, anataga kwenye maji mafupi ya pwani. Dume na jike wanakaa pamoja kulinda watoto, hawaondoki. Lumbu naye anakuja kutaga karibu na ufukwe. Mtu anayefua nguo, anayeosha pikipiki, anayemwaga utumbo wa samaki ufukweni, anavifanya hivyo uani kwa kuhe, juu ya kitanda cha mtoto.

Tope hilo linatoka wapi? Linatoka juu. Wenzetu wa vijiji vya milimani wanalima kwenye mteremko mkali bila makingamaji, na miti imekwenda kuwa mkaa. Sisi wa mwaloni ndio tunaoununua mkaa huo, tusiwatupie wao mzigo wote. Mto Malagarasi unatuletea maji kutoka mbali zaidi. Mto Ugalla, ule wa Tabora, unaishia ndani ya Malagarasi, na Malagarasi unaishia kwetu. Kwa hiyo mtu anayekata mti wa kukaushia tumbaku Urambo au Sikonge ni jirani yetu wa maji, ajue asijue. Kinachotuokoa ni yale mabwawa na matete ya Malagarasi na Muyovozi, eneo oevu ambalo mwaka 2000 liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa, la kwanza kwa Tanzania. Matete yanapunguza mwendo wa maji, tope linatua, maji yanatoka yamechujwa. Ukiona matete mdomoni mwa mto usione pori la kufyekwa upate jaruba la mpunga. Chujio hilo hatukulinunua, na likiondoka hatuna fedha ya kununua jingine.

Niwapeleke Kagunga. Baadhi yenu mlikuwepo, mlibeba watu kwa mitumbwi yenu, na Mungu awalipe. Mei 2015, ndugu zetu wa Burundi walikimbia machafuko, wakafika Kagunga makumi ya maelfu kwa siku chache. Mnakijua kile kijiji: mlima nyuma, ziwa mbele, katikati ni kipande cha ufukwe. Barabara hakuna, vyoo vya watu wale wote hakuna. Maji ya kunywa yalikuwa ziwa, na choo kilikuwa ziwa. Kipindupindu kikaingia. Kufikia wiki ya tatu ya mwezi ule, wagonjwa walikuwa wamefika 3,000 na waliofariki 31. MV Liemba, meli ya tangu vita ya kwanza, ikawa inaegesha mbali majini na mitumbwi inapeleka watu kwake, inawaleta mjini.

Nilipelekwa kusaidia kupima maji. Kuna mama mmoja sitamsahau. Alikuwa amechota maji kwa kopo mita tatu kutoka pale mtu alipokuwa anajisaidia. Nikamwambia, mama, usiyanywe. Akaniangalia, akaangalia ziwa lote lile, bluu mpaka mwisho wa macho, akasema, "Na haya yote?" Yale maji yote, na tone la salama hakuna. Nimefikiria neno lake kila mara mtu anaponiambia ziwa ni kubwa. Ukubwa wake haukumsaidia yule mama kitu, kwa sababu yeye hakunywa kutoka katikati ya ziwa. Alikunywa kutoka ukingoni, kama sisi sote.

Wakimbizi wale walikuwa wamelazimika. Sisi je? Hatujakimbia vita, tuna mji, tuna mitaa, tuna vikao.

Nina la kukiri hapa. Nikiwa bado kijana kazini, nilipima maji kwenye bomba moja la majitaka lililokuwa linamwaga ziwani. Sitasema la nani. Kwenye sahani ya maabara vimelea vya kinyesi viliota vikashikana, pakawa hakuna nafasi kati yao. Kwenye fomu tunaandika "havihesabiki". Nikaandika ripoti, nikaipeleka kwenye ofisi iliyohusika. Nikaambiwa faili linafanyiwa kazi. Mwaka uliofuata nikarudi, bomba liko palepale, linamwaga vilevile, na watoto wanaogelea jirani nalo, wanacheka. Nikanyamaza. Nilikuwa na watoto wa kulisha na niliogopa kuitwa mchochezi. Kosa la bomba lilikuwa la wengine, lakini ukimya ulikuwa wangu, na kati ya watoto wale waliokuwa wanaogelea sijui wangapi walilala hospitali mwaka ule. Ndiyo sababu leo nimekubali kuja kusema kwa kipaza sauti.

Watoto wanaogelea, na hapo pana ugonjwa mwingine. Kichocho. Mayai yake yanaingia majini kwa kinyesi na mkojo wa binadamu, yanaanguliwa, vijidudu vyake vinaingia kwenye konokono, vinatoka vikiwa vya kupenya ngozi. Dawa ipo, inagawiwa shuleni, mtoto anameza, anarudi ziwani jioni ileile. Kule Ziwa Nyasa ilionekana kwamba samaki wanaokula konokono walipovuliwa sana karibu na ufukwe, konokono waliongezeka na kichocho kikaongezeka nacho. Kokoro, wavu unaokokota kila kitu ufukweni, linaondoa pia askari waliokuwa wanatulinda.

Sheria ninazifahamu na ninyi mnazifahamu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na kweli tumeona nafuu, ingawa chupa na vifungashio bado vinajaa mitaroni. Nchi nne zinazomiliki ziwa hili zilitia saini mkataba wa pamoja Dar es Salaam mwaka 2003, na mamlaka yake ina makao Bujumbura. Karatasi hazikosekani. Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, mlifungiwa kuvua. Miezi mitatu mlikaa na nyavu ndani, wengine mliuza vitu vya nyumbani, na mlivumilia. Lakini miezi ile mitatu mfereji huu haukufungwa hata siku moja. Tuliwapumzisha samaki, maji hatukuyapumzisha. Na hilo naliona ni dhuluma kwenu ninyi mliovumilia.

Kuhusu mita 60 niseme ninavyoona, na kiongozi asiyekubaliana nami anisamehe. Ukichukua kipimo kesho ukaanza kubomoa, wa kwanza kuumia ni mama wa kichanja, ambaye dagaa wake juani hawamchafulii mtu maji. Tuanze na kinachochafua: vyoo, oili, betri, taka. Maji ya ziwa yalipopanda miaka hii ya karibuni, mliona wenyewe vyoo vya shimo vilivyochimbwa karibu vikifikiwa na maji. Shimo likishaingiliwa na ziwa si choo tena, ni chemchemi ya maradhi. Hivyo ndivyo vya kuhamisha kwanza, na vihamishiwe juu, mbali.

Halafu tuangalie vyoo vya mwalo. Nimezunguka mialo kadhaa. Sehemu nyingi choo kipo, kimejengwa kwa tofali, kimepakwa rangi, kina kufuli. Mwenye ufunguo anaondoka saa 12 jioni. Mvuvi anakuja mwaloni saa 12 jioni. Sasa mwanamume mwenye usiku mzima mbele yake, na mama anayesubiri mitumbwi tangu saa 10 alfajiri, waende wapi? Ukimkuta nyuma ya mtumbwi utamtoza faini, na mimi nasema faini hiyo haina haki mpaka kufuli litoke. Mwenyekiti, naomba ufunguo ukae kwa mtu wa zamu ya usiku. Hilo halihitaji mfadhili.

Kwenye kipe mkiwa ndani ziwani usiku kucha, ndoo yenye kifuniko na majivu inatosha. Asubuhi inamwagwa chooni, nchi kavu. Oili chafu, fundi mashine aweke pipa moja hapa, wenye misumeno na wapaka mbao wapo wanaoitaka. Betri za taa zilizokufa zina bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa hiyo kuitupa majini ni kutupa hela pamoja na sumu. Nyavu zilizochakaa msiziachie ziwani. Wavu uliokatika hauachi kuvua. Unaendelea kuua samaki wasioliwa na mtu.

Mama zangu, ninyi nawaomba jambo moja tu, kwa sababu mengi mnafanya tayari. Maji ya kuoshea dagaa yasichotwe karibu na mfereji. Mtu aende na mtumbwi, tulipe zamu, achote mbele. Dagaa wa Kigoma ana jina Dar es Salaam, ana jina Lubumbashi. Mteja hajui mfereji wetu, anajua jina tu. Siku atakapougua jina litakwenda, na litarudi kwa taabu.

Mfereji wenyewe nimeongea na Mheshimiwa Diwani na mafundi wa mtaa kabla ya kikao. Tutachimba mashimo matatu yanayofuatana kwenye kile kipande cha juu, kabla haujafika ufukweni, ili tope na taka zitue humo, maji yapite juu. Pembeni tutapanda matete kama yale tuliyoyang'oa wenyewe mwaka juzi. Majitaka ya vyoo mashimo haya hayatayatibu, msije mkadanganyika. Hayo lazima nyumba zile saba zilizoelekeza mabomba yao kwenye mfereji ziyaondoe, na wenye nyumba wanne wamo humu ndani, tumeshazungumza, wamenipa neno lao. Watatu waliobaki tutawafuata pamoja, bila matusi.

Kesho saa 1 asubuhi nitakuwa pale mfereji unapomwaga. Mwenye jembe aje nalo, mwenye koleo aje nalo, vijana wa bodaboda mlete viroba vitupu. Tuna siku chache, mawingu mmeyaona jana upande wa Bangwe.

Chupa hizi naziacha kwa Mwenyekiti, zikae dirishani ofisini ambapo kila mtu ataziona. Mbalamwezi ijayo, panapo uzima, nitachota ya tatu palepale nilipochota hii chafu, hatua arobaini kutoka hapa, na nitaileta mbele yenu tuziweke zote tatu mezani. Asanteni kwa kunisikiliza.